Goma: Umelipa, lakini masharti yanabadilika. Haki ya mteja iko wapi?

Mjini Goma, telefone imekuwa duka, ofisi na benki kwa wakati mmoja. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 na mabenki yakafunga milango, wakaaji wengi waliegemea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ili kulipa karo, kupokea msaada wa ndugu na kununua unga. Muuza vitenge wa Birere anapokea oda kwa WhatsApp. Mwenye sekretariati anachapa kazi za wanafunzi kwa kompyuta ya Windows aliyoinunua okazyo. Kijana wa studio anatengeneza video kwa programu anayoilipia kila mwezi.

Wote hao wanategemea kitu wasichokimiliki. Siku moja dirisha dogo linafunguka kwenye skrini: masharti yamebadilika, bonyeza "Nakubali" ili uendelee. Hakuna mtu wa kuuliza wala nafasi ya kupatana kama inavyofanyika sokoni. Anayekataa anabaki nje, na wateja wake pamoja naye.

Je, muuzaji ana haki ya kubadilisha mkataba peke yake wakati mteja amekwisha kulipa? Sheria ya Kongo inajibu kwamba hapana, kwa kanuni yenye umri wa zaidi ya miaka 130. Ila kati ya kanuni hiyo na mtu wa Goma kuna njia ndefu. Mifano ya hapa nchini, ya Nigeria na ya Ulaya inaonyesha kwamba wanaofika mwisho wa njia hiyo ni wale waliosimama pamoja na kupata taasisi ya kuwabebea neno lao.

Unalipa bei, unapewa ruhusa

Mtu akinunua jembe kwenye soko la Virunga, muuzaji hawezi kuja usiku kulichukua. Jembe ni mali ya mnunuzi. Anaweza kuliazima, kuliuza au kuwaachia watoto wake.

Programu haiuzwi hivyo. Kwenye maduka ya mtandaoni kama Google Play, App Store au Microsoft Store, kinachouzwa ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia. Ruhusa hiyo ina mipaka. Mara nyingi haiuziki tena, imefungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja, na ndani ya maandishi yake marefu mna mstari unaosema kwamba kampuni inaweza kubadilisha masharti wakati wowote.

Dunia ilianza kuelewa uzito wa mstari huo mwezi wa saba 2009. Kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya mwandishi George Orwell kwenye vifaa vya Kindle vya wateja waliokuwa wamevinunua, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa pesa zao, lakini hakuna aliyeulizwa kabla. Kitabu kilikuwepo jioni, asubuhi hakipo. Mkubwa wa Amazon, Jeff Bezos, aliomba radhi baadaye.

Jimbo la California, nchini Marekani, lilichukua miaka 15 kugeuza somo hilo kuwa sheria. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2025, duka la mtandaoni haliruhusiwi kumwandikia mteja wa jimbo hilo neno "nunua" bila kumwambia wazi kwamba anapata leseni tu. Sheria hiyo haimzuii muuzaji kuondoa alichouza. Inamlazimisha tu aseme ukweli kabla ya kupokea pesa.

Telefone ni nzima, programu imeondoka

Goma ni mji wa vifaa vya okazyo. Telefone na kompyuta nyingi zinazouzwa hapa zimekwisha kupita mikononi mwa watu wengine kabla ya kufika. Mnunuzi anaangalia skrini, betri na kamera. Mara chache anauliza swali linaloweza kumgharimu zaidi: programu za ndani zitaendelea kufanya kazi hadi lini?

Tarehe 5 mwezi wa tano 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone zisizoweza kufikia iOS 15.1. iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus zikatoka kwenye orodha. Kwa upande wa Android, mwezi wa kumi 2023 programu hiyo ilianza kudai angalau Android 5.0. Telefone haikuvunjika, wala mwenyewe hakukosa kulipa chochote. Lakini kwa mchuuzi ambaye wateja wake wote wako WhatsApp, telefone hiyo imekuwa saa ya kuangalia muda.

Kwa kompyuta, siku kubwa ilikuwa tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10. Kompyuta inaendelea kuwaka na kuchapa, lakini mlango unaovunjwa na wezi wa mtandaoni haurekebishwi tena. Windows 11 haikubali kuingia rasmi kwenye kompyuta nyingi za zamani. Microsoft iliuza mwaka mmoja wa ziada wa ulinzi kwa dola 30, au bila malipo ya pesa kwa mteja anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye seva za kampuni.

Hapo kulitokea jambo ambalo watumiaji wa Afrika wanapaswa kulikumbuka. Huko Ulaya, kundi la mashirika ya watumiaji liitwalo Euroconsumers liliandikia Microsoft na kulalamika kwamba kumfunga mteja kwa sharti hilo ni kumlazimisha. Mwezi wa tisa 2025, kampuni ilirudi nyuma: wakaaji wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wakapewa mwaka huo bure, bila sharti la kuhifadhi data. Programu ni ileile na tarehe ni ileile. Mtu wa Brussels alipata kile ambacho mtu wa Goma hakupata, kwa sababu wa Brussels alikuwa na shirika na sheria nyuma yake.

RAM: siku unite zilipokatwa

Kongo nayo ina mfano wake, na wakaaji wa Goma hawajausahau. Tarehe 24 mwezi wa tisa 2020, ulianza mpango ulioitwa RAM, daftari la kuandikisha vifaa vya mkononi, chini ya mamlaka ya posta na mawasiliano, ARPTC. Waziri mhusika alikuwa Augustin Kibassa Maliba. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupambana na telefone za bandia na zile za wizi.

Ada ilikuwa karibu dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo za 2G, na karibu dola 7 kwa zile za 3G na 4G. Haikudaiwa kwenye kaunta yoyote. Ilikatwa kwenye unite za mteja. Mtu aliweka unite ili apigie mgonjwa hospitalini au anunue mega, kisha akakuta salio limepungua.

RAM haikuwa duka la programu. Ilikuwa hatua ya serikali, iliyopitishwa kwa mikono ya kampuni za simu. Lakini umbo la jambo ni lilelile linalowakuta watumiaji wa programu: huduma ilikwisha kulipiwa, sharti jipya likaongezwa katikati ya njia, na ukimya wa mteja ukahesabiwa kuwa ndiyo.

Safari hii ukimya haukudumu. Vijana wa vuguvugu la LUCHA, lililozaliwa Goma mwaka 2012, walikuwa kati ya waliopaza sauti. Mashirika ya raia yaliuliza pesa zinakwenda wapi. Mwezi wa kumi 2021, waziri Kibassa aliitwa mbele ya Bunge la Taifa kujibu swali la mbunge Claude Misare, na wabunge wakampokea kwa makelele ya kudai RAM iondolewe. Mwanzoni mwa mwaka 2022, serikali iliifuta.

Kufutwa huko kulisimamisha makato ya mbele. Kwa makato yaliyokwisha kufanyika, somo ni chungu: pesa ndogo iliyotoka kwa mamilioni ya watu ni vigumu kuirudisha, kwa kuwa hakuna atakayefungua kesi kwa ajili ya dola 7. Mteja mmoja amepoteza kidogo na mpokeaji amekusanya mlima. Ndiyo maana kinga ina faida kuliko kesi ya baadaye.

Nigeria ilikataa kutendewa tofauti

Mwezi wa kwanza 2021, WhatsApp iliwaarifu watumiaji wake kuhusu masharti mapya juu ya data na kampuni mama, ambayo leo inaitwa Meta. Mwanzoni waliambiwa wakubali kabla ya tarehe 8 mwezi wa pili. Dunia ilikasirika, watu kwa mamilioni wakafungua akaunti kwenye Signal na Telegram, na kampuni ikasogeza tarehe hadi 15 mwezi wa tano. Kisha ikasema kwamba wasiokubali hawatafutiwa akaunti zao.

Watumiaji wa Umoja wa Ulaya walikuwa na masharti yao ya peke, yaliyotungwa kufuatana na sheria ya huko ya ulinzi wa data. Waafrika walipewa maandishi mengine. Tume ya ushindani na ulinzi wa watumiaji ya Nigeria, FCCPC, ilifungua uchunguzi uliochukua miezi 38. Tarehe 19 mwezi wa saba 2024 ilitangaza faini ya dola milioni 220 dhidi ya Meta. Kati ya makosa iliyoyataja ni kuwanyima Wanigeria uwezo wa kuamua juu ya data zao, na kuwatendea tofauti na watumiaji wa nchi nyingine. Meta ilikata rufaa. Tarehe 25 mwezi wa nne 2025, mahakama ya ushindani mjini Abuja ilithibitisha faini hiyo.

Uamuzi huo ulivunja wazo moja lililozoeleka sana, kwamba kampuni za Marekani haziwezi kuguswa na nchi ya Afrika. Nigeria haikuwa na makao makuu ya Meta. Ilikuwa na sheria ya watumiaji ya mwaka 2018, tume yenye nguvu ya kuita na kuuliza, na soko kubwa ambalo kampuni haikutaka kulipoteza.

Sheria ya Kongo inasema nini

Kanuni ya msingi iko kwenye Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia, kilichotokana na amri ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mikataba. Kifungu cha 33 kinaweka mambo matatu. Mkataba uliofanywa kihalali ni sheria kwa waliouweka. Hauwezi kuvunjwa ila kwa mapatano ya pande zote mbili au kwa sababu zinazokubaliwa na sheria. Tena, unapaswa kutekelezwa kwa nia njema.

Wanasheria wa kampuni watajibu kwamba mteja alikwisha kukubali mabadiliko siku ile ya kwanza, kwa kuwa mstari unaoyaruhusu ulikuwemo ndani ya masharti. Hoja hiyo ina nguvu, lakini nia njema inaiwekea mpaka. Kurekebisha kasoro ya usalama ni jambo moja. Kuchukua kazi iliyokuwa ya bure na kuidai pesa, bila taarifa wala njia ya kutoka, ni jambo lingine.

Sheria nyingine zimeongezeka. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020 inasimamia mawasiliano na teknolojia ya habari. Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inayoitwa Kanuni ya Dijitali, inagusa biashara ya mtandaoni, maandishi ya elektroniki, data za watu binafsi na makosa ya mtandaoni. Kongo pia ni mwanachama wa COMESA, ambayo kanuni zake za ushindani zina sehemu nzima juu ya watumiaji na zinakataza udanganyifu na ukandamizaji katika biashara. Tume inayozisimamia iko Lilongwe, Malawi.

Tatizo la Goma ni umbali. Kinshasa iko mbali, na tangu mji ubadilike mikono taasisi za serikali kuu hazifanyi kazi hapa kama zamani. Masharti ya WhatsApp, kwa watumiaji walio nje ya Ulaya, yanapeleka kesi California. Mtu anayetafuta nauli ya kufika Sake hawezi kumshtaki mtu California.

Umoja wa Ulaya unatoa kipimo ambacho wabunge wa Kongo wanaweza kukitazama. Agizo lake la mwaka 2019 juu ya bidhaa za dijitali linamruhusu muuzaji kubadilisha huduma, lakini kwa masharti: sababu iwe imeandikwa kwenye mkataba, mteja asiongezewe gharama, na aarifiwe kwa maneno ya wazi. Mabadiliko yakimwumiza si kidogo, mteja ana siku 30 za kutoka bila kulipa. Hakuna sharti hata moja kati ya hayo linalodai utajiri wa Ulaya. Ni mambo ambayo mzee wa soko angeyadai kwa muuza mahindi.

Kabla ya kubonyeza

Wakati sheria haijafika mtaani, mteja ana vitu kadhaa vilivyo mikononi mwake.

Cha kwanza ni ushahidi. Dirisha la masharti mapya likifunguka, picha ya skrini haigharimu mega hata moja. Ujumbe wa makato, risiti ya malipo na tarehe vinapaswa kuhifadhiwa mahali pengine pia, si ndani ya telefone hiyo peke yake. Shirika la raia likitaka kulalamika kwa niaba ya watu 500, litahitaji karatasi hizo.

Cha pili ni kusoma sehemu tatu tu za masharti: bei, data, na namna ya kufunga akaunti. Ni humo ambamo mabadiliko mengi ya kuumiza hukaa. Mtu akishindwa na Kifaransa au Kiingereza cha masharti, mwanafunzi wa sheria wa jirani anaweza kumsaidia kwa nusu saa.

Cha tatu ni jina la akaunti. Wengi wasio na kadi ya benki humwomba ndugu wa Gisenyi, Nairobi au Ulaya awalipie. Leseni inafuata akaunti. Ikiwa programu imenunuliwa kwa akaunti ya shemeji, mbele ya kampuni mteja ni shemeji. Ni bora akaunti iwe ya mtumiaji mwenyewe, na ndugu asaidie malipo tu.

Cha nne ni kuuliza umri wa programu kabla ya kununua kifaa. Kwa telefone ya okazyo, namba ya Android au ya iOS inaonekana kwenye mipangilio. Muuzaji mwaminifu hatakataa kuionyesha.

Cha tano ni leseni huru. Programu kama LibreOffice kwa maandishi na hesabu, au VLC kwa video, zinatolewa kwa leseni zinazompa mtumiaji haki ya kuendelea na toleo alilo nalo. Wenye programu wakibadilisha mawazo kesho, nakala iliyoko kwenye kompyuta haizimwi kutoka mbali. Kwa sekretariati inayochapa barua na kazi za shule, hiyo inatosha. Faili zote, ziwe zimetengenezwa kwa programu gani, ziwe na nakala kwenye flashi au diski ya nje.

Hatua hizo zinapunguza hasara, lakini hazifanyi kazi ya sheria. Euroconsumers ilibadilisha uamuzi wa Microsoft kwa barua. FCCPC ilichukua miezi 38 na kushinda. RAM iliondoka baada ya mwaka mmoja na nusu ya makelele ya barabarani, ya mitandaoni na ya bungeni. Goma ilishiriki katika ushindi huo wa mwisho, kabla mabenki hayajafunga na kabla telefone haijawa kabati la pesa la kila nyumba. Kadiri maisha ya mji yanavyohamia ndani ya programu, ndivyo shirika la watumiaji lenye orodha ya malalamiko na anwani ya kuyapeleka linavyozidi kuwa hitaji la kila siku, kama maji na umeme.